Tupa ya Baba Mkwe

Enzi za ruksa, biashara ilipoachiwa huru, maduka ya Tukuyu yalijaa kila kitu, na ndipo baba mkwe wangu alipokosa tupa ya kunolea msumeno. Ile ya zamani aliipata kwa kupanga foleni, wakati madukani hamna hata kiberiti, na ilimtumikia mpaka meno yakaisha. Sasa foleni hakuna, tupa zimejaa makasha, na mzee amekaa nyumbani kama mwari.

Kukaa kwake kulikuwa msiba wangu. Kwetu Unyakyusa mke wa mwana hakutani na baba mkwe. Hamwangalii, hasemi naye, akimsikia anakuja anajibanza migombani mpaka apite. Kanisani tunakwenda kila Jumapili, lakini hilo hata mchungaji haligusi, maana naye ana wakwe. Mzee alipokuwa msituni akipasua mbao, ua lilikuwa langu. Msumeno ulipokuwa butu alihamia kwenye kigoda, katikati ya jiko langu na bomba. Maji nikawa nayafuata kwa kuzunguka shamba zima la migomba, mvua inanipiga, ndoo kichwani, namsema mzee wa watu kimoyomoyo.

Mume wangu, aliyekuwa akifanya kazi kiwanda cha chai, akaleta tupa mpya yenye mpini mwekundu na karatasi ya dhahabu. Nikaisikiliza nikiwa jikoni. Sura ya mzee siijui sawasawa, lakini tupa yake ya zamani niliijua: ilikwaruza kwa sauti nzito, unasikia kabisa chuma kinaliwa. Hii ilipiga mluzi. Kufika jioni imeota kipara. Msumeno ndio ulioinoa tupa. Mume wangu akasema labda baba hajazoea vitu vya kisasa. Usiku ule nilimwekea mchuzi mtupu.

Nikaona nisipotafuta mwenyewe nitazeekea migombani. Siku ya soko nikauza ndizi zangu, nikaingia dukani. Kijana mwenye duka akanisukumia kasha zima.

"Chagua mwenyewe, mama. Soko huria hili."

Nikaomba panga butu, nikaanza kuzijaribu moja moja. Zote mluzi. Mara nikasikia kikohozi mlangoni, na kikohozi kile ningekijua hata usingizini. Nikajitupa nyuma ya magunia ya chumvi, kasha mapajani, khanga usoni.

"Tupa, mzee wangu? Hii hapa ndiyo bomba," kijana akasema. Nikachungulia kwa pembeni: mpini mwekundu, karatasi ya dhahabu. "Mali ya Ulaya."

Mzee akauliza kama inauma. Kijana akaapa kwa mama yake mzazi. Nikamsikia mzee anafungua kitambaa cha pesa. Anainunua ileile. Na mimi siruhusiwi kufungua mdomo. Chini kabisa ya kasha palikuwa na tupa moja nyeusi, haina mpini, haina karatasi, ina vumbi tu. Nikaivuta kwenye panga. Ikakwaruza, nzito. Nikavuta tena kwa nguvu zangu zote.



"Hiyo inayolia huko nyuma," mzee akasema taratibu, "ndiyo ninayoitaka."

"Huko kuna mama anachagua, mzee."

"Mimi sijataja mtu. Nimetaja tupa."

Nikaisukuma sakafuni kwa mguu. Akailipia, akaondoka, nami nilitoka pale na chumvi hadi kwenye nywele, nimefurahi kama bibi harusi.

Kesho yake msumeno ulikuwa unang'ata. Jirani akausikia, akaleta wake. Wakaja wapasua mbao wa Ikuti, wakaja watu wa chai na visu vyao vya kupogolea. Mzee akaona msituni kuna nini tena, wakati kazi inamfuata kigodani. Tangu hapo hajaondoka. Ananoa toka asubuhi hadi jioni, anacheka na wageni wake, na mimi nazunguka na ndoo yangu. Tupa ni nzuri, huku migombani naisikia vizuri sana, na haina dalili yoyote ya kuisha.