Mngurumo Nyuma ya Pazia

Mtaani walimwita Dada Umeme. Akitokeza tu, fundi viatu hupiga kelele, "Zimeni taa, mwenyewe kaja!" Naye hucheka, huingia dukani, hushika ubavu wa friji la mtu kama anayempima mtoto homa. Kazi yake ilikuwa kuwatafutia wenye biashara ndogondogo mipango ya kubadilishiwa mashine zinazokula umeme. Mipango ilikuwapo tele, ila nani angewaambia watu wanaoshinda nyuma ya kaunta?

Mpango wa mafriji ulikuwa na sharti: ukipewa jipya, la zamani linachukuliwa likapondwe. Tena mtaa mzima ulihesabiwa kitu kimoja. Akidanganya mmoja, wote nje. Dada Umeme akamtanguliza mdogo wake wa kiume, muuza soda, ili watu waone na waamini. Akamdhamini kwa kinywa chake mwenyewe. Aliyefuata ni Bibi Maziwa, ambaye friji lake lilikuwa hoi na maziwa yalikuwa yakichacha kila kukicha. Hana biashara nyingine huyo mama.

"Zamu yangu lini, mwanangu?"

"Wakaguzi wakishaliona la mdogo wangu tu, mama. Wiki hii hii."

Wakaguzi wakaja. Friji jipya linang'aa, kimya kabisa. Wameshaanza kuaga, Dada Umeme akasikia mngurumo kutoka chumba cha nyuma. Loo! Lile lilikuwa friji la marehemu mama yao. Amekua akilala na mngurumo ule. Akajikohoza kwa nguvu, lakini mkaguzi naye hakuwa kiziwi. Akavuta pazia. Friji la zamani hilo hapo, limejaa soda hadi mlangoni. Kumbe lililopelekwa kupondwa ni bovu tu, mdogo wake kalitoa kwa mnunua vyuma chakavu!

"Nani alikwambia ufanye hivi?" mkaguzi akamuuliza.

Mdogo mtu akaangalia viatu vyake. "Dada."

Jamani! Dada aliyemlea, aliyembeba mgongoni mama alipokuwa kitandani! Alimwangalia tu mdogo wake, na mdogo wake hakuinua macho. Friji jipya likabebwa siku hiyo hiyo, na mtaa ukafutwa kwenye mpango.

Asubuhi yake alipita mtaani. Fundi viatu alikuwa ameinamia soli yake, hakupiga kelele. Bibi Maziwa alikuwa anafunga ndoo zake barazani.

"Mama, haki ya Mungu, sikujua."

Bibi Maziwa hakumwita mwanangu. "Mdogo wako alikuja mapema," alisema. "Ananipangisha nafasi kwenye lile friji la mama yenu, niweke maziwa yangu. Na hilo nalo ulimshauri wewe?"