Barua za Wakili Kwenye Kompyuta ya Kazini

Mume wangu alikuwa anakagua simu yangu kila jioni tukishakula, ametulia kama mtu anayesoma gazeti. Ndiyo maana barua pepe za wakili wangu wa talaka zilikuwa zinaingia kazini Carrollton, hapa Texas, kwenye ofisi ya madaktari nilikoshughulikia bima za wagonjwa. Kisha nikapata kazi nyingine karibu na nyumbani, Mansfield. Mume wangu akasema nimwombee dada yake nafasi yangu. Ningekataa kwa sababu gani? Nikamwombea, akapewa.

Siku yangu ya mwisho wifi alikuja kuonyeshwa kazi. Alikaa ubavuni kwangu, mkoba magotini, macho kwenye skrini. Alipokwenda chooni nikaandika jina la wakili, barua zikajipanga zote: picha za mkono wangu uliovimba, mpango wa kuondoka na mwanangu. Nikafuta. Nikafungua kapu la taka, nikafuta na humo. Kompyuta ikaniuliza kama nina hakika, maana hazitarudi. Mara ya kwanza nikabonyeza pembeni, ya pili ikakubali. Nyuma yangu viatu vya wifi vilikuwa vinarudi.

Nilipomfuata fundi wa kompyuta wa ofisi, akanieleza, "Kampuni inabaki na nakala zake, lakini atakayekaa pale hataziona." Nikaendesha gari hadi nyumbani nikiwa nimelowa jasho.

Wiki iliyofuata wifi akanipigia mchana.

"Wifi, upo peke yako?"

"Nipo kwenye gari."

"Anwani yako ya barua pepe ya kazini wameielekeza kwangu. Kuna barua imeingia leo. Ya wakili."

Nilishika usukani wa gari lililozimwa. Nilikuwa nimefuta zilizopita. Kumwambia wakili asiandike tena huko, sikukumbuka.

"Umeshamwambia kaka yako?"

"Hapana. Mama yetu alikuwa anajifunika kanga mikononi hata kwenye joto. Sote tulikuwa tunajua kwa nini. Unaondoka lini?"

Niliona bora nidanganye, ila uongo haukuja. "Nikipata nafasi tu."

"Jumamosi nitamwita kwangu ale chakula cha mchana. Ondoka wakati huo."

Siku zote zilizobaki nilikuwa namchunguza mume wangu usoni. Akicheka nashtuka, akinyamaza nashtuka zaidi. Huyu ni dada yake wa damu. Je, kama mchana huo wangekuwa wananisubiri pamoja barabarani?

Jumamosi mume wangu alijipulizia manukato, akaondoka. Nilimbeba mtoto na begi moja, tukashika njia ya Houston kwa rafiki yangu. Kila gari jeusi lililonifuata nilidhani ni lake. Mtoto akauliza, "Mommy, why are you crying?" Nikamwambia silii, jua linaniumiza macho.

Hakuna aliyetufuata. Baadaye wifi aliniambia kaka yake alikula sahani mbili za pilau, akaisifu, akaomba afungiwe nyingine ya kuniletea.