Kibanda Kilichoingia Kwenye Mchoro

Mlinzi wa geti wa saiti ile ya ujenzi wenzake walimwita Kufuli, na hakuwa na kinyongo na jina hilo, maana kweli alikuwa akifunga kila kitu. Alifunga geti, alifunga stoo, alifunga bomba la maji, na siku moja alimfungia mkaguzi wa nondo chooni kisha akaenda zake kunywa chai kwa moyo mweupe. Kabla ya hapo alilinda kiwanda cha sabuni, na kabla ya kiwanda alilinda shule. Maisha yake yote aliyamaliza kwenye milango ya majengo ya watu, bila kupata sababu ya kuingia ndani sana.

Pale saiti, palipokuwa pakijengwa jengo refu la ofisi, alijitengenezea kibanda kando ya geti. Kuta zilikuwa vipande vya plaiwudi vilivyokwisha kutumika kumwagia zege, paa lilikuwa bati lililokunjika, na sakafu ilikuwa udongo ule ule aliokuta. Ndani alikuwa na kiti, redio na ndoo. Upepo ukivuma, kibanda kilijibu kwa sauti, na Kufuli alikuwa amekwisha kuzoea mazungumzo hayo.

Halafu kampuni ikanunua mfumo mpya. Injinia wa mradi, dada mmoja mwenye subira ya ajabu, aliwakusanya mafundi wote akawaeleza. Kila Jumatatu asubuhi droni, kindege kisicho na rubani, ingepaa na kupiga picha saiti nzima. Picha zingeingia kwenye mchoro wa jengo ulio ndani ya kompyuta, na kompyuta ingetazama kilichojengwa na kilichobaki. Ikiona chumba hakina mlango, yenyewe ingeagiza mlango kwa muuzaji, ingepanga siku ya gari kuuleta, kisha ingemtumia fundi seremala ujumbe kwenye simu aje kuufunga. Zamani mlango mmoja ulipita kwenye meza nyingi, na kila meza ilikuwa na mtu wa kuuliza huu mlango ni wa nini. Sasa kazi ingekimbia.

Na kweli ilikimbia. Zege lilifika mafundi wakiwa tayari, si kama zamani ambapo lilifika wakati wa chakula likaanza kuganda huku watu wakitafutana. Kufuli naye alipewa simu, ikawa inamwambia gari gani linakuja kabla dereva hajapiga honi. Jambo hilo lilimpendeza mno. Alianza kufungua geti kwa madaha, gari likiwa bado kwenye kona, madereva wakabaki kumwogopa kidogo.

Jumatatu moja droni ilipita juu ya kibanda. Tableti ya injinia, kompyuta yake ya mkononi, ikamwandikia kwamba pana jengo lisilokuwemo kwenye mchoro, je, liongezwe? Injinia wakati huo alikuwa akigombana kwenye simu na watu wa kokoto, kalamu iko mdomoni, akabonyeza ndiyo ili ile tableti inyamaze. Kuanzia hapo kibanda cha Kufuli kikawa sehemu halali ya mradi. Kikaitwa Chumba Sifuri.

Wa kwanza kufika alikuwa fundi bomba, amebeba sinki jeupe begani.

"Naweka wapi hili?" akauliza.

"Kwani nani kakuagiza?" akauliza Kufuli.

"Simu."

Kufuli alimwonyesha pembe iliyokuwa na ndoo. Nyuma yake wakaja watu wa zege, wakamwomba atoke nje na kiti chake, wakamwaga sakafu. Kisha akaja fundi vigae. Kisha seremala na mlango mzito wa mbao, ambao plaiwudi ilishindwa kuubeba, kwa hiyo simu ikawaita waashi wajenge ukuta wa matofali wa kuushikilia. Fundi umeme alifunga kiyoyozi na king'ora cha moshi. Kila fundi alipomaliza alimpa Kufuli simu aweke kidole gumba kuthibitisha kazi imekamilika, na Kufuli aliweka kidole bila kusita. Moyoni aliamini kampuni imeuona utumishi wake hatimaye, ila wameona haya kumwambia usoni.

Nyumbani alimsimulia mkewe, na alipofika kwenye sinki alisimama kabisa kuonyesha urefu wa sinki lenyewe. Mkewe aliendelea kukunja nguo.

"Baba watoto," akasema, "hao wamekosea chumba. Wewe nyamaza tu."

Hata hivyo kesho yake alikuja mwenyewe kuona. Alinawa mikono kwenye sinki, akainawa tena, akakaa chini ya kiyoyozi mpaka akapiga chafya, na wakati wa kuondoka alikiri kwamba kwa makosa haya ya kampuni, hata yeye angependa wakosee jikoni kwake.

Mafundi wa lifti ndio waliopata shida. Walizunguka kibanda wakitafuta shimo la lifti, wakamuuliza Kufuli chumba kina ghorofa ngapi. Akawajibu kwamba ni hii hii wanayoiona. Walishauriana, wakatazama simu, simu ikashikilia msimamo wake, basi wakaweka kitufe ukutani na kuondoka. Ukikibonyeza kinawaka taa nyekundu, halafu hakuna kinachotokea. Kufuli alishuhudia mgeni mmoja, mtu mzima mwenye mkoba, akikibonyeza na kusubiri kwa adabu muda mrefu.

Mambo yalifichuka kwenye kikao cha bosi, yaani msimamizi wa mradi mzima. Bosi aliomba kuona vyumba vilivyokamilika, na ukutani ikatokea picha ya jengo lote likiwa la kijivu, isipokuwa kijumba kimoja cha kijani karibu na geti, asilimia mia. Bosi aliuliza kile ni nini. Injinia alipokitambua alijifunika uso kwa tableti.

Walishuka wote kwenda kukitazama. Kufuli aliwapokea mlangoni na kuwaomba wavue viatu, kwa ajili ya vigae. Bosi, kwa soksi zenye tundu, alisimama katikati ya chumba, akagusa sinki, akabonyeza kitufe cha lifti, akasubiri. Kisha akamwamuru injinia akifute kitu hiki kwenye mchoro na kukibomoa kabla mwenye jengo hajakiona.

Injinia akajaribu. Tableti ikawa nyekundu yote. Ilionekana kwamba mfumo, kwa kuwa chumba kilikuwa tayari na kiko karibu na barabara, ulikwisha kupitishia humo bomba kuu la maji na waya mkubwa wa umeme. Kukibomoa kungechelewesha kila kazi, mpaka kupaka rangi ghorofa ya mwisho. Bosi alivaa viatu vyake, na kibanda kikabaki.

Kufuli alifurahi mapema mno. Chumba kilichokamilika, kwa mujibu wa mfumo, ni chumba kinachoweza kutumika, na kwa vile ndicho pekee kilichokuwa na kiyoyozi, ofisi nzima ikaanza kukiomba kwenye simu kwa ajili ya vikao. Asubuhi moja wapima ardhi waliingia na makaratasi yao wakamwomba awapishe. Walipotoka wakaingia wahasibu. Kufuli akajikuta amekaa juani na kiti chake, analinda mlango wa kibanda chake mwenyewe, na ndani anasikia watu wakicheka. Jambo hilo lilimuuma. Plaiwudi yake ilikuwa na matundu, lakini haikuwahi kumwambia atoke.

Injinia alimkuta hapo, amenuna, kofia imeshuka mpaka kwenye nyusi. Aliona haya, maana kidole kilichobonyeza ndiyo kilikuwa chake.

"Mzee wangu," akamwambia, "chumba ni cha anayekiomba kwanza. Lete simu nikuonyeshe."

Ilihitajika sababu ya kikao, na wahudhuriaji wasiopungua wawili. Kufuli aliwaza, akaandika Kikao cha Usalama. Mhudhuriaji wa kwanza akajiweka yeye. Wa pili akamweka mkewe. Kisha, kwa msaada wa injinia, akakiomba chumba kuanzia kufunguliwa kwa geti hadi kufungwa kwake, kila siku ya kazi, mpaka mwisho wa mradi. Mfumo ukakubali papo hapo na kumshukuru. Kule nyumbani mkewe akapokea mwaliko, akajibu kwamba ana nguo za kuanika, kikao kiendelee bila yeye.

Wiki iliyofuata bosi alitaka chumba cha kumpokelea mwenye jengo. Simu ikamjibu kwamba kimejaa, awasiliane na mwenyekiti wa Kikao cha Usalama. Alitembea mpaka getini, akamkuta mwenyekiti amekaa chini ya kiyoyozi, redio inaimba polepole. Bosi akaeleza shida yake. Kufuli alichukua simu, akapekua ajenda kwa utulivu, akasema ataona la kufanya.

Alimweka kwenye mengineyo.