Katani Iliyoogeshwa

Miaka ishirini ya kuchana katani ilimpa Mama Singa mikono migumu hata paka wake alikataa kupapaswa. Zamani alisuka vikapu vya rangi, lakini hilo tuliache kidogo.

Karakana ya kaka yake ilitengeneza vigoda vya plastiki vyenye nyuzi za katani ndani, ili viwe imara. Imara kwa jina tu! Jumatatu kaka mtu, mwenye kitambi cha heshima, alikalia kimoja mbele ya wateja. Kikapasuka, akatua chini pu!

"Pole, mume wangu," alisema mkewe, mmiminaji wa plastiki. "Sakafu haijaumia?"

Mumewe hakucheka. "Nyuzi zimechomoka kama nywele za wigi! Ijumaa kikivunjika tena, naagiza nyuzi za kioo. Dada, benchi lako la kuchania katani tutalifunga."

Mama Singa akaokota kipande, akapitisha kidole gumba. Uzi uliteleza, hauna hata chembe ya plastiki. Hapo akakumbuka vikapu: katani isiyooshwa kwa magadi hukataa rangi, maana imezaliwa na nta yake.

"Kama rangi haishiki, plastiki itashika wapi?"

"Wifi, unataka kuiogesha katani?"

"Na mgongo nitaisugua."

Jumanne alivaa glavu ndefu, akailoweka katika magadi makali ya watengeneza sabuni. Soga zikanoga, akasahau. Ilipotoka ilikuwa imelegea kama mboga iliyopitiliza jikoni.

"Umeiogesha mpaka mifupa!" wifi akacheka hadi machozi.

Jumatano akapunguza magadi, akaloweka nusu saa tu. Akasuuza mara nne, maji ya mwisho yakiwa na siki kidogo, kisha akaianika juani kutwa nzima, ikauke kabisa. Safari hii nyuzi zilikwaruza vidoleni. Alhamisi wifi akazimiminia plastiki, kikatoka kigoda kipya.

Ijumaa kaka alikizunguka kigoda kama mnunuzi wa mbuzi. Akakaa. Kimya. Akajitingisha. Kimya. Mkewe naye akamkalia mapajani.

Ta!

Mama Singa akafumba macho. Alipoyafumbua, kigoda kilikuwa kizima, na kaka ameshika suruali kwa mikono miwili. Kilichokatika ni mkanda.

Karakana nzima ikaangua kicheko, yeye mwenyewe akiongoza. "Nyuzi za kioo siagizi tena! Dada, loweka nyingine."

"Naloweka, kaka. Lete na huo mkanda, niutilie katani."