Kwato Mbili Kwenye Boksi

Kila asubuhi, kabla hajanawa uso, Sostenes alivuta pazia, akasukuma taulo chini ya mlango ili mwanga wa sebuleni usipenye, kisha akawasha tochi moja na kuielekeza ukutani. Hakutazama katikati ya mwanga. Alitazama pembeni, pale duara linapoisha na giza linapoanza, maana tochi ya ovyo hujulikana kwa ukingo wake. Tochi nzuri hulikata giza kama kisu kinavyokata sabuni. Akiridhika aliizima, akairudisha kwenye boksi lake, ndipo akaenda kunawa.

Kalista alikwisha kuizoea tabia hiyo. Alikuwa amepanga nyumba ghorofa ya saba pale mtaa wa Xiaobei, huko China, akipangisha vitanda kwa wafanyabiashara wa kutoka nyumbani Tanzania na kuwapikia ugali mchana. Alimwambia Sostenes kwamba wenzake wakiamka humshukuru Mungu, yeye anamulika ukuta kama askari aliyepotelewa na mwizi. Sostenes alicheka tu, hakuwa mtu wa maneno. Hata akitembea humsikii. Mara nyingi Kalista aligeuka jikoni akamkuta kasimama nyuma yake na kikombe mkononi, akashtuka hadi mwiko ukamponyoka.

Mwendo ule alifundishwa na baba yake. Kwao ni Isenga, kijiji kilichojificha porini huko Mpanda, na baba yake alikuwa mwindaji wa kibali, si jangili. Kuwinda Isenga kulikuwa na utaratibu wake. Kila kiangazi askari wa wanyamapori wa kijiji na ofisa kutoka wilayani walilipita pori wakitazama nyayo na mavi ya swala na pongo, wakipima wamebaki wangapi, kisha mkutano wa kijiji ukaambiwa mwaka ule wanaweza kuwindwa wangapi. Madume tu, wenye pembe, na kwa mwanga wa jua. Mvua za kwanza zikianguka pori linafungwa, kwa sababu majike wana mimba, na halifunguliwi mpaka watoto wameanza kula majani.

Kuwinda usiku kulikuwa mwiko. Sostenes aliwahi kuuliza kwa nini, akiwa mdogo bado, na baba yake akamjibu huku akiendelea kunoa panga.

"Ukimmulika mnyama unaona macho. Macho hayana pembe."

Yaani hujui ni dume ama jike, wala tumboni mna nini. Mnyama akipigwa na mwanga husimama pale pale kama aliyeitwa jina lake, na ukifyatua umeua yeyote.

Sostenes aliyajua haya yote, na aliuza tochi.

Aliuza na vitu vingine, jaketi za soko la Zhanxi, suruali za soko la Shahe, chaja za simu, lakini tochi ndizo zilimpa jina. Katika mambo ya kago mizigo ya watu wengi hurundikwa ghala moja, kwa hiyo kila mtu huweka alama yake kwenye boksi kwa kalamu nene nyeusi. Wengine huandika herufi za majina yao. Sostenes alichora kwato, vipande viwili vimesimama pamoja, kama pongo alivyokanyaga tope. Huko Mpanda watu wakaacha kusema tochi za Kichina, wakawa wanasema nipe za kwato.

Mteja wake mkubwa alikuwa Cornel, mwenye duka la vipuri vya pikipiki karibu na stendi. Cornel alitaka kila mara tochi inayofika mbali kuliko ya mwanzo. Sostenes akajiambia ni za walinzi, ni za wavuvi, na mteja haulizwi anaenda kumulika nini. Kisha Cornel akaagiza zenye kibanio chini yake, akasema ni cha kufungia kwenye baiskeli. Sostenes alikijaribu kile kibanio kwa kidole. Usukani wa baiskeli haungeingia hata kwa nyundo. Mtutu wa bunduki ungeingia vizuri. Aliona, akachora kwato na kutuma.

Hayo yalikuwa ya mwaka jana. Mwaka huu, Oktoba, wakati wa maonyesho ya biashara ya Pazhou, simu yake ililia kwa ujumbe akiwa bado amesimama gizani anatazama ukuta.

Ilikuwa picha kutoka kwa Stephen, mdogo wake wa tumbo moja. Stephen ndiye kiongozi wa wale askari wa kijiji pale Isenga. Picha ilionyesha kambi porini: kichanja cha kukaushia nyama, majivu, ngozi zimelundikwa. Chini ya kichanja palikuwa na boksi lililopasuliwa na kutandikwa kama mkeka, na juu ya boksi, pembeni ya zile kwato mbili nyeusi, palikuwa na kitu kidogo cha majimaji chenye miguu iliyokunjwa. Alikuwa mtoto wa swala ambaye hajazaliwa. Mtu alimtoa tumboni mwa mama yake akamtupa pale.

Chini ya picha palikuwa na sauti. Sostenes aliisikiliza akiwa ameketi kwenye ukingo wa kitanda, tochi inawaka mkononi mwake inamulika sakafu.

"Kaka, hii kwato ni yako. Usiniambie si yako, niliuona mkono wako ukiichora kwenye mlango wa jiko la mama."

Stephen hakugomba. Alieleza taratibu, kama anayetoa taarifa ofisini. Safari hii walilipita pori kuanzia mtoni hadi kilimani, na mahali walipozoea kukuta nyayo zimesongamana walikuta majani yamesimama wima, hayajaliwa. Ofisa akasema hata madume wasiguswe mwaka huu, na mkutano ukakubali. Lakini usiku taa zinaonekana. Mwenzake mmoja alimulikwa usoni, akawa haoni hata kiganja chake, na akiwa hivyo hivyo akapigwa gololi za gobore pajani. Zamu ya kulala njiani kuwasubiri ni yake Stephen, kabla mvua hazijakolea. Akamaliza kwa kumwuliza kaka yake kama kuna nyingine zinakuja.

Nyingine zilikuwa zinakuja. Ndiyo sababu Sostenes alikuwa anakwenda Pazhou siku hiyo. Cornel alitaka maboksi mawili kwa ndege, upesi, ya tochi mpya iliyosifiwa kuliko zote.

Alikwenda. Alipanda metro, treni ya mjini, akapita kwenye kumbi zile kubwa ambazo ukiita mtu wa upande wa pili hakusikii, mpaka kibanda cha Madamu Liang, ambaye amekuwa laoban wake, yaani bosi anayemuuzia, tangu alipoanza biashara. Madamu Liang alimkaribisha kwa chai, akaiweka tochi mezani kama mtu anayemwonyesha mgeni mtoto mchanga. Alizungumza kwenye simu yake, na simu ikageuza maneno yake kuwa Kiswahili kikavu, kisicho na huzuni wala furaha. Alisema kwao ni milimani, kaskazini ya jimbo hili. Alipokuwa mdogo kulikuwa na kulungu mdogo anayebweka kama mbwa, na jioni mlima mzima ulikuwa unabweka. Baba yake aliwawinda kwa taa.

"Taa ya baba ilikuwa dhaifu," simu ikasema, na Madamu Liang akaipigapiga ile tochi mpya mgongoni. "Hata hivyo mlima ulikwisha baada ya majira machache ya baridi. Hii ni bora mara kumi."

Alikuwa anasifu bidhaa. Hakuwa na ubaya moyoni, na Sostenes aliliona hilo. Akamwuliza kama siku hizi wanabweka. Madamu Liang hakuhitaji simu kwa hilo. "Meiyou," alisema, hakuna, huku akikung'uta mkono, neno lile lile analoambiwa mteja saizi ya viatu ikimalizika. Kisha akaongeza kwa simu kwamba sasa sheria ni kali, hakuna anayeruhusiwa kuwinda, na vijana wanakwenda kule juu kutega kamera. Kamera zinapiga picha za majani.

Sostenes alimalizia chai kwa heshima. Hakuagiza. Ndani ya metro alimwandikia Cornel kwamba tochi haziji, si hizi wala nyingine, abaki kuuza vipuri vyake vya pikipiki. Cornel hakujibu siku hiyo. Sostenes alijaribu kumpigia Stephen, akaambiwa na ile sauti ya mwanamke kwamba namba haipatikani. Akajua ameingia porini, maana huko mtandao unaishia kwenye mti wa mwisho wa mizinga ya nyuki.

Kesho yake asubuhi hakuvuta pazia. Kalista alisubiri kusikia taulo likisukumwa, hakusikia, akaona si kawaida. Mchana alipakua ugali na samaki. Kwao Mpanda ndiyo kwanza kulikuwa kunakucha. Sostenes alikuwa amekata tonge la kwanza simu ilipolia, akaifungua kwa mkono wa kushoto.

Ilikuwa picha ya kaunta ya duka la Cornel. Juu yake palijaa tochi, ile ile ya Madamu Liang, kibanio kile kile. Boksi lilikuwa na alama ya mtu mwingine, msalaba ndani ya duara, alama ambayo Sostenes aliwahi kuiona ghalani kwenye mizigo ya jirani yake. Zilikuwa zimefika kitambo. Alichokuwa anataka Cornel kwake ni nyongeza. Halafu sauti ya Cornel, imejaa kicheko chake cha siku zote, inasema mkuu wangu wala usijisumbue, vijana walishaondoka na mzigo jana jioni.

"Ila mwambie mdogo wako avae miwani ya jua."

Kalista aliisikia, kwa sababu simu ilikuwa wazi mezani. Alimtazama Sostenes akiliweka lile tonge kwenye sahani, polepole, kama kitu kinachoweza kuvunjika. Akapiga namba ya Stephen. Haipatikani. Akapiga tena akiwa amesimama. Kisha akaingia chumbani akatoka na jaketi na pasi yake ya kusafiria. Begi aliliacha, na tochi ya sampuli aliiacha kitandani. Ile kalamu nene nyeusi aliitoa mfukoni akaiweka mezani kando ya chumvi.

Kalista akamwambia ndege ya leo haipati, na hata akiipata, kutoka Dar mpaka Mpanda ni safari nyingine, na mpaka porini ni nyingine tena. Kwamba litakalotokea litakuwa limetokea.

"Najua," Sostenes alisema. "Lakini njia ya kuifikia kambi yao gizani, bila taa, tuliobaki tunaoijua ni mimi na mdogo wangu."

"Utarudi lini, kaka?"

"Nifunikie chakula," akasema.

Kalista alisimama mlangoni. Lifti ilikuwa imeganda ghorofa za juu, kwa hiyo Sostenes alishika ngazi. Taa za ngazi za jengo lile huwaka kwa kelele: ukikanyaga kwa kishindo zinawaka, ukikohoa zinawaka, na mchana kule ndani ni giza kama usiku. Kalista alingoja ya ghorofa ya sita iwake. Haikuwaka. Alingoja ya tano. Alikaza sikio, hakusikia hata kiatu, na giza likabaki limetulia mpaka chini, kana kwamba hakuna aliyepita, na chakula kile alikifunika kwa sahani nyingine, na Sostenes hakurudi kukila.