Kidole cha Agwanda

Siku yangu ya kwanza kazini, kwenye hifadhi ya picha za kale Kisumu, sikuruhusiwa kugusa picha hata moja. Fundi Mkuu wa Picha, mzee mfupi aliyevaa koti jeupe lililochakaa viwikoni, alinipa beseni la maji na sabuni, akaniambia ninawe mikono. Nikanawa. Akaitazama, akasema, "Tena." Nilinawa mara nne. Mara ya tano nikamuuliza kama ananitania.

"Ramadhani," akasema, "hawa watu wamekaa ndani ya vioo miaka na miaka wakiwa safi. Mchafu ni wewe."

Nilikuwa na umri wa miaka ishirini, mtoto wa Kisumu mjini, wa familia ya Kiislamu iliyochanganyika damu za pwani na bara. Kazi ya picha niliyoijua mimi ilikuwa ya maharusi na pasipoti. Kumbe humo ofisini walikuwa wamehifadhi picha za watu waliosifika pande zetu za ziwa tangu enzi za babu zetu: machifu, wahubiri wa kwanza, wafanyabiashara waliokuja na reli, waganga, wapiga nyatiti ya nyuzi. Wengi wao hawakuwa kwenye karatasi. Walikuwa kwenye vioo.

Ninyi mnaopiga picha kwa simu, hebu niwaeleze. Zamani mpiga picha alibeba vipande vya kioo vilivyopakwa dawa inayoshika mwanga. Akishapiga, kioo kile kikawa negativu: nyeupe inaonekana nyeusi, nyeusi inaonekana nyeupe. Ili kupata picha unaingia chumba cha giza, unalaza kioo juu ya karatasi maalum ndani ya fremu, unakimulikia taa kidogo, kisha karatasi inaoga kwenye dawa ya kuibua, halafu kwenye dawa ya kukazia. Uso wa mtu aliyekufa kabla mama yako hajazaliwa unatokea taratibu ndani ya beseni. Mara ya kwanza nilipouona nilipiga kelele, Fundi Mkuu akacheka mpaka akakohoa.

Jambo moja alinifundisha kila siku, mpaka nikamchoka. Kioo kina pande mbili. Upande unaong'aa ni kioo kitupu, na ule uliofifia ndio wenye dawa. Upande wa dawa lazima utazamane na karatasi. Ukikosea, picha inageuka: kulia inakuwa kushoto, kushoto inakuwa kulia, na sura inafifia kidogo.

"Ukigeuza kioo umemgeuza mtu," alikuwa akisema. "Na yeye hana mdomo wa kukuambia."

Sasa nitasema jambo ambalo kwa miaka mingi sikulisema. Mwaka wangu wa pili, Fundi Mkuu akiwa likizo kwao, ilitakiwa haraka picha moja ya chifu wa zamani aliyesimama kando ya ziwa na mwanamume mmoja mrefu. Kioo chake kilikuwa kimechoka, dawa inabanduka pembeni. Niliogopa ikigusana na karatasi itang'oka yote. Basi nikakigeuza makusudi, upande wa dawa juu. Picha ikatoka. Kasoro ni kwamba namba aliyoichora mpiga picha kwenye kona ilitoka imegeuka, kama maandishi unavyoyaona kwenye kioo cha kunyolea. Nikaifunika kona kwa karatasi nyeusi nikachapa upya, namba isionekane. Nikajiambia nitarudia vizuri Fundi Mkuu akirudi. Aliporudi, picha ilikuwa imeshachukuliwa na watu wameisifu. Nikanyamaza. Baada ya miezi michache nikasahau kabisa.

Kutoka hapo nilihamishiwa Nairobi, ghala kuu, chini ya Mhifadhi Mkuu, mama mmoja mkali aliyetembea na miwani miwili shingoni. Huyo alinifunza rejista. Kila picha na daftari lake: nani, wapi, nani amesema hivyo. "Usiniandikie 'mtu fulani', Ramadhani," aliniambia siku moja akinirudishia kurasa nzima. "Huyo alikuwa na mama. Mama alimpa jina." Nilimwogopa, lakini ndiye aliyenifanya nikawa mtu wa kazi. Miaka kumi na moja baadaye alinirudisha Kisumu nikiwa Mhifadhi wa Vioo, na hapo ndipo nilipozeekea.

Ile picha ya chifu nilikuta imekuwa maarufu. Ilikuwa kwenye kalenda, kwenye vitabu vya watoto wa shule, ukutani kwetu. Chini yake imeandikwa: Chifu na mtumishi wake. Nilipita mbele yake kila asubuhi na chai yangu mkononi. Macho yangu yalikuwa ya kazi gani, sijui.

Miaka miwili kabla sijastaafu alikuja Mzee Ochola kutoka Luanda Kotieno kando ya ziwa, mwenye fimbo na suti ya zamani iliyopigwa pasi vizuri. Alidai yule mrefu pichani hakuwa mtumishi wa mtu. Alikuwa babu yake, Agwanda, mjenzi wa mashua kubwa za makasia ambazo watu wa ng'ambo ya ghuba walikuja kuzinunua kwa ng'ombe. Chifu alikuwa amekwenda kwake kuagiza mashua, ndipo wakapigwa picha. Kamati yetu ya maelezo ya picha ikamsikiliza. Mengi yalikubaliana: mahali, safari ya chifu, hata shanga za shingoni, ambazo bado ziko kwao nyumbani. Kisha mwenyekiti akamuuliza kama babu yake alikuwa na alama yoyote.

"Hakuwa na kidole cha shahada," akasema Mzee Ochola. "Mkono wa kushoto. Tezo ya kuchongea mbao ilimkata."

Mimi ndiye niliyekuwa nimeshika picha, na glavu zangu nyeupe. Wote wakainama kutazama. Kidole kweli hakikuwepo, ila ni cha mkono wa kulia.

"Mzee, hii ni kulia," akasema mwenyekiti.

"Babu yangu ilikuwa kushoto. Sisi wote nyumbani tunajua."

"Basi huyu si babu yako."

Mjumbe mmoja akacheka kidogo, akasema kwamba siku hizi kila mtu anatafuta ukoo mkubwa. Mzee Ochola alisimama, akavaa kofia, akatoka. Fimbo yake niliisikia ngazini mpaka chini. Nami, jamani, niliirudisha picha kwenye bahasha nikaenda kula mchana.

Zilibaki siku chache nistaafu nilipopigiwa simu na askari wa getini. "Mzee Rama, njoo haraka. Kuna mama hapa ako na silaha!"

Nilishuka mbio. Nikamkuta mama wa miaka themanini hivi, mwembamba, amefunga leso mbili, ametulia kwenye benchi. Silaha yenyewe ilikuwa tezo, ile ya kuchongea mbao, chuma kimeliwa na kutu na mpini umeng'aa kwa kushikwa. Alijitaja kuwa Mama Akeyo, dada yake Mzee Ochola. Nikamuuliza hali ya kaka yake.

"Tumemzika mwezi wa pili," akasema. "Watu wa soko walikuwa wanamtania mpaka anaumwa. Ati muongo, ati mzee wa kuiba babu ya wenyewe. Mimi sijui kusoma, nyathina, mwanangu. Lakini nimekuja kuuliza swali moja."

Nilimpeleka ofisini kwangu nikamtolea picha. Hakuiangalia sana. Aliweka kiganja chake cha kushoto juu ya meza yangu, akashika tezo kwa mkono wa kulia, akaishusha polepole mpaka chuma kikagusa kidole cha shahada.

"Hivi ndiyo mtu hujikata," akasema. "Agwanda alikuwa mtu wa mkono wa kulia. Sasa niambie wewe mtu wa kusoma: alishika tezo na mkono gani, ndio akate huu wa kulia?"

Nilimwomba anisubiri, nikaenda kabatini nikakitoa kile kioo. Nilikiinamisha kwenye mwanga wa dirisha. Upande uliofifia, upande unaong'aa. Pale konani palikuwa na ile namba ambayo mikono yangu mwenyewe iliificha. Nikatazama koti la chifu, lile alilovalishwa na serikali: kwenye picha ya ukutani vifungo vimefungwa upande wa kike na medali iko kifua cha kulia. Miaka yote hiyo! Mtoto wa fundi cherehani angeona. Nilikaa kwenye kigoda cha chumba cha giza nikaona aibu ambayo sijawahi kuiona maishani mwangu.

Nilirudi nikamwambia Mama Akeyo kwamba ana haki, na kwamba nitarekebisha. Lakini sikumwambia ni nani aliyekosea. Hilo nalisema ili mjue kwamba hata siku ile woga ulinishika.

Jioni ile ile niliingia kwa Mkurugenzi, mwanamke kijana mwenye akili nyingi na haraka nyingi. Wiki ile tulikuwa tunafungua ukumbi mpya, na picha ile ile, iliyokuzwa urefu wa mlango, ndiyo ilikuwa mbele kabisa. Nikamweleza yote, tangu likizo ya Fundi Mkuu.

"Mzee, unajua hii iko kwa vitabu vya shule?" akasema. "Wageni wanakuja Ijumaa. Wewe unaagwa siku hiyo hiyo, nimekuandalia cheti. Hebu tufungue kwanza, turekebishe pole pole baadaye."

"Hiyo baadaye nimeitumia mimi karibu miaka arobaini, Mkurugenzi. Imeisha."

"Utajiharibia jina lako bure!"

"Langu angalau limeandikwa mahali. Ukiiweka ile picha Ijumaa, mimi nitasimama mbele yake niwaambie wageni mmoja mmoja. Cheti mpe mwingine."

Nilijua ninamtia taabu, na kwa kweli nilimwonea huruma. Lakini sikutoka kitini. Mwishowe akavua miwani akasema, "Una siku tatu. Kama huna picha nyingine Alhamisi, ukuta unabaki mtupu."

Siku tatu! Chumba cha giza kilikuwa stoo ya viti vibovu. Nilivitoa, nikaziba madirisha, nikachanganya dawa nilizokuwa nimezihifadhi, nusu zimekwisha nguvu. Dawa ya kioo bado ilikuwa inabanduka, tena zaidi. Safari hii sikukigeuza. Nilikilaza upande wake halali, nikakibana kwa vidole taratibu kama unavyomlaza mtoto mwenye homa. Karatasi mbili ziliharibika. Ya tatu ikatoka kali, safi, namba konani inasomeka, medali kushoto. Na mkono wa kushoto wa yule mrefu ulikuwa na vidole vinne. Nililia humo ndani, sioni haya kusema. Alhamisi nikaikabidhi pamoja na kibao cha maelezo kilichoandikwa: Agwanda, mjenzi wa mashua, na chifu aliyekuja kwake kuagiza. Chini yake niliandika kosa na jina la aliyelifanya.

Mama Akeyo alikuja Ijumaa. Alisimama mbele ya picha, wageni wakampisha. Nilimsomea maandishi yote, mpaka mstari wa mwisho wenye jina langu. Alinigeukia.

"Ni wewe?"

"Ni mimi, Mama."

"Na ulikuwa umeketi hapo, Ochola akiitwa muongo?"

"Nilikuwa nimeishika picha kwa mikono yangu. Nisamehe, Mama."

Hakusema amenisamehe. Alifunga leso yake vizuri, akafikiri. "Mimi nimesikia," akasema. "Mkurugenzi amesikia. Ochola bado hajasikia. Utakuja nyumbani useme."

Siku hizi watu huniuliza kazi ile ilinifunza nini, na wanataka niwape maneno ya kuandika ukutani. Sina. Nina hasira tu na ule uvivu wangu wa ujana, na nina kazi. Kila wiki napita nyumba za mtaa wa Manyatta na kijitabu, naomba watu wanitolee picha za zamani sandukuni, waniambie majina na tuyaandike nyuma kwa penseli kabla anayeyajua hajaondoka. Vijana wa leo wanageuza picha kwa kidole kimoja kwenye simu na hakuna kinachobanduka. Nawaambia waulize kwanza wenye picha, na wakikosea waseme siku ile ile, wangali na mtu wa kumwambia.

Jumamosi ya kwanza baada ya kustaafu nilikwenda Luanda Kotieno. Nilidhani nitamkuta Mama Akeyo peke yake. Nikakuta viti vimepangwa kando ya kaburi, watu kama arobaini, na wale wa sokoni wamekuja wote. Hakuna aliyenipa maji wala kiti kwanza. Nilisimama kwenye kichwa cha kaburi nikasema kwa Kijaluo changu cha mjini, ambacho huwafanya watu watabasamu, lakini siku ile hakuna aliyetabasamu. Nilitaja jina langu, la baba yangu, na kazi niliyofanya. Nikasema nilikigeuza kioo, nikaficha, na nikanyamaza. Nikasema, "Ochola nowacho adier," kwamba Ochola alisema kweli, na muongo nilikuwa mimi.

Kisha Mama Akeyo akaniashiria kwa fimbo ya kaka yake.

"Sema tena," akasema. "Wale wa nyuma hawakusikia."

Nikasema tena.