Msumari wa Tatu

Walimwita Fundi Kwato, na masikio yake yalikuwa makubwa hata dada yake mdogo, tangu utotoni, alimwambia yangefaa kuanikia nguo. Siku hizi yalikuwa yamebaki ukubwa tu.

Hakuna aliyejua. Miaka arobaini ya nyundo juu ya fuawe ilikuwa imemla polepole: kwanza ilichukua ndege, kisha mvua juu ya mabati, kisha maneno ya watu waliosimama nyuma yake. Waliosimama mbele aliwasoma midomo. Alijifunza kucheka wenzake walipocheka, na kusema "ndiyo hivyo" mahali ambapo neno hilo halidhuru. Tangu mkewe afariki aliishi peke yake chumba cha nyuma ya karakana, na mtu anayeishi peke yake haulizwi jambo mara mbili.

Kazi yake ilikuwa kuwavisha farasi viatu. Zamani alivifua mwenyewe. Bega la kulia lilipogoma, miaka mitatu nyuma, akaanza kununua viatu vya kiwandani, vilivyokuja vimepangwa kwenye maboksi, vinang'aa kama vijiko. Chuma chake kilikuwa kizuri, hilo hakulikataa. Ugomvi wake ulikuwa na matundu ya misumari.

Kiatu alichokifua kwa mkono alikitoboa baada ya kuutazama ukwato. Farasi huyu ukuta wa ukwato wake ni mnene, basi sogeza tundu ndani kidogo. Yule wake ni mwembamba, lete tundu karibu na ukingo. Matundu ya mbele yalale kufuata mteremko wa ukwato, ya nyuma yasimame. Tena kila tundu liwe pana juu na jembamba chini, kama kichwa cha msumari chenyewe, ili kizame humo na kubanwa pande zote nne. Tundu likiwa pana kupita kiasi, kiatu hucheza, na kiatu kinachocheza ni jino bovu mdomoni. Kiwandani mashine ilitoboa matundu yote kwa farasi wa wastani. Fundi alikuwa hajawahi kukutana na farasi wa wastani.

Kwa hiyo kiatu cha kiwandani kilidai sikio. Msumari unaopita kwenye ukuta mgumu hulia, ngo, ngo, na kila pigo hupandisha sauti. Ukipotea njia ukaelekea ndani, kwenye nyama, sauti hufa, utadhani unagonga ubao mbichi, na hapo fundi huuchomoa mara moja. Enzi za masikio mazuri hakuyahitaji sana, maana matundu yalikuwa yake. Sasa matundu yalikuwa ya mashine, na masikio yalikuwa yamekwenda zake.

Dada yake, Mama Chupa, alizunguka mitaani kukusanya chupa tupu na kuzipeleka kiwanda cha vioo. Aliyevuta gari lake alikuwa farasi jike wa rangi ya majivu, Bibi Harusi, aliyeitwa hivyo kwa sababu alitembea kama anayejua kuwa anatazamwa. Zamani fundi alizisikia chupa zikigongana tangu kona ya tatu, akainjika chai. Sasa alijua wamefika alipoona kivuli cha farasi kikitambaa kwenye sakafu ya karakana.

"Umeninunia tena, kaka?" Mama Chupa alikuja kusimama mbele yake, mikono kiunoni. "Nimekuita kutoka getini mpaka koo limekauka."

"Nilikuwa nawaza."

"Unawaza nini, mtu usiye na mke wala paka?"

"Nawaza nikuoze tena."

"Kwa nani? Wenzio wote wamebaki magoti tu, na hayo magoti yenyewe yanauma."

Alicheka, lakini kicheko hakikufika machoni. Fundi aliliona hilo, akalipuuza. Akafungua boksi.

Kiatu cha mguu wa mbele wa kushoto kilikaa vizuri kwenye ukingo. Ila matundu ya upande wa ndani yalikuwa yameingia kupita kiasi, kama upana wa punje ya mchele, na Bibi Harusi upande huo alikuwa na ukuta mwembamba. Kiatu cha namna hiyo huwekwa kando, au matundu huzibwa na kutobolewa upya. Lakini saizi hiyo ilikuwa imebaki jozi moja, bega lilikuwa linawaka moto, na dada alikuwa anasubiriwa kiwanda cha vioo. Nitaulaza msumari kwa mkono, alijiambia. Nikikosea, sauti itaniambia. Alisema hivyo kwa mazoea, kama mtu anayenyoosha mkono gizani kuwasha taa ya nyumba aliyokwisha kuhama.

Aliuinua mguu akaubana katikati ya magoti, ameinama, mgongo wake umeelekea kichwa cha farasi, huko dada alikoshika kamba. Msumari wa kwanza. Wa pili. Kwenye wa tatu, Bibi Harusi alitikisa ngozi ya bega kama anayefukuza nzi. Nyuma ya fundi dada alisema jambo, kisha akalirudia. Halikumfikia. Alipiga pigo la mwisho, akaikunja ncha ya msumari, akaisawazisha kwa tupa.

Alipogeuka, uso wa dada ulikuwa umefungwa kama duka.

"Ndiyo hivyo," alisema fundi.

Mama Chupa aliipanga kamba mkononi, akaondoka bila kuaga.

Siku ya tano alirudi kwa miguu, peke yake. Fundi alisoma midomo yake: farasi hawezi kuukanyagia mguu. Alichukua koleo, akamfuata mpaka ua wa nyumba yake, na huko akamkuta Bibi Harusi amesimama kwa miguu mitatu, kichwa chini, ukwato wa kushoto umegusa ardhi kwa ncha tu. Hakuhitaji kutafuta. Msumari wa tatu ulitoka umelowa, mweusi, na harufu yake ilimfanya ageuze uso. Alikichimba kidonda, akakiosha kwa maji moto ya chumvi, asubuhi na jioni, akalala kwenye magunia, ua mzima umejaa chupa zisizokwenda popote. Daktari wa mifugo alipokuja alibonyeza juu ya ukwato, akasema usaha umeshafika kwenye mfupa.

Asubuhi ya siku ya kumi na moja daktari alirudi na sindano. Mama Chupa alikishika kichwa cha farasi mpaka mwisho, akimsifu kwa mwendo wake.

Baadaye ndugu wawili walikaa kwenye kreti zilizopinduliwa, ubavu kwa ubavu. Daktari alikuwa amekwenda kutafuta lori. Turubai walilomfunika Bibi Harusi lilikuwa fupi. Kwato za mbele zilibaki nje, na kile kiatu kipya cha kulia kilikuwa kinang'aa bado.

Mama Chupa aliongea muda mrefu, macho chini. Kisha ghafla alimshika kaka yake kidevu, akaugeuza uso wake kwa nguvu.

"Hata leo? Hata leo hunijibu?"

"Sema tena," fundi alisema. "Sema nikikutazama."

"Nilikwambia huo wa tatu umelia vibaya! Mara mbili nilikwambia! Nimekua chini ya nyundo yako, nisiujue mlio wake? Ukaendelea kugonga kama naongea na ukuta."

"Sikusikia."

"Hukutaka kusikia."

"Sisikii, mdogo wangu. Hata nyundo yenyewe. Huu ni mwaka wa pili."

Mkono wa dada ulibaki kidevuni. Midomo yake ilijaribu kitu, ikashindwa, ikajaribu tena.

"Miaka miwili nakuita getini huitiki," alisema. "Nakusalimia kwa nyuma, kimya. Nilijua umenichukia. Nilikuwa najiuliza usiku kucha nimekukosea nini. Siku ile ya kiatu nilisema basi, kama hataki maneno yangu, nayaacha." Alilitazama turubai. "Ningeweza kukuvuta shati, kaka. Nilikuwa hatua moja tu."

Fundi aliifungua mikono yake, akaitazama, akaikunja.

Mchana ule alikuwa anangojewa kwenye kiwanda cha matofali: farasi wawili, kwato nane, boksi lilelile. Alimwambia dada, akamwomba aende yeye, awaeleze kuwa fundi anaumwa.

"Nenda ukawaambie mwenyewe," alisema Mama Chupa. "Waambie kitu gani kinaumwa."

"Watauliza maswali. Watasema wote kwa pamoja."

Dada alifuta uso kwa upindo wa kanga, akainuka. Fundi naye aliinuka. Mfuko wa nyundo na misumari aliuacha hapo chini, kando ya kreti. Dada aliuona, hakumkumbusha.

"Utaniambia wamesema nini?" aliuliza fundi.

Dada alisubiri kwanza kaka yake amtazame.

"Nitakuambia."

Akatangulia. Kila walipofika kona aligeuka, ili kama kuna neno, kaka amwone akilisema.